Weko la Chuma, na Jinsi ya Kutambua Kiungo Kibaya

Wasomaji wetu wa mwambao na wa visiwani, hasa ninyi wenye vyombo vya baharini, twaomba mtusikilize kidogo katika habari hii ya kuunga vyuma. Twaiandika kwa sababu ya nanga moja.

Shungimbili ni kisiwa kidogo cha mchanga na matumbawe, katika mlango wa bahari ulio baina ya Mafia na mwambao wa Rufiji, kaskazini ya Kilindoni. Tangu mwaka 2007 ni hifadhi ya bahari, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, wala hapana kijiji wala karakana juu yake. Mashua moja iliyotoka Dar es Salaam na shehena ya saruji na unga, ikienda Kilindoni, ilikutwa na upepo mkali wa kusi wakati wa usiku. Nahodha akaona heri kutia nanga ubavu wa kaskazini wa kisiwa, penye kificho, angoje mapambazuko. Usiku wa manane, maji ya bamvua yalipokuwa yakivuta kwa nguvu, amari ikalegea ghafula. Mabaharia wakaivuta, nayo ikaja nyepesi. Lilikuwa limebaki shina tu. Kitako cha nanga na makombe yake yote manne vilikuwa vimebaki chini. Chombo kikachukuliwa na mkondo gizani, kikapanda fungu, usukani ukang'oka, na saruji nyingi ikalowa. Watu wote walisalimika, Mungu ashukuriwe, lakini mwenye mali hakuwa na cha kuuza, na mashua ilikaa pwani mwezi mzima bila kazi.

Shina lile tuliletewa tulitazame. Mtu hahitaji kuwa fundi ili kusoma kisa chake. Pale lilipokatika palikuwa na duara mbili. Duara ya nje, nyembamba kama unene wa ukucha wa kidole gumba, ilikuwa nyeupe yenye kung'aa, kwa kuwa ndiyo iliyokatika usiku ule. Sehemu ya ndani yote ilikuwa nyeusi yenye kutu ya siku nyingi, na juu yake mistari ya msumeno ilionekana bado, vile vile kama siku ile fundi alipokikata chuma. Maana yake ni wazi. Sehemu ile ya kati haikupata kuyeyuka hata kidogo. Chuma chenye unene wa milimita 25 kilikuwa kimeshikwa na ngozi ya juu tu, na ngozi ile ilikuwa imesuguliwa vizuri na kupakwa rangi, hata mnunuzi asione kasoro.

Fundi aliyeiunga hatumtaji, wala hatudhani ya kuwa alikusudia kudanganya. Labda yeye mwenyewe hakujua. Lakini wanunuzi nao hawajui, na hiyo ndiyo sababu ya maneno yetu haya: si kwa ajili ya mafundi peke yao, bali na kwa ajili ya yule anayekwenda kwa fundi na fedha yake mkononi.

Kwanza yafaa kupambanua maneno. Watu wengi husema "kulehemu" kwa kazi mbili zilizo mbalimbali. Kulehemu hasa ni kuunga vipande viwili kwa madini nyingine laini, kama mchanganyiko wa risasi na bati, ambayo huyeyuka upesi na kushika pande zote mbili mfano wa gundi. Vipande vyenyewe haviyeyuki. Ndivyo afanyavyo fundi bati azibapo birika linalovuja. Kutia weko ni jambo jingine. Hapo kingo za vyuma vyenyewe hulainika au kuyeyuka, zikaingiana, zikawa chuma kimoja. Siku hizi kazi hiyo huitwa kuchomelea. Lehemu huyeyuka hata kabla moto haujafika digrii 200 za sentigredi, lakini chuma cha kawaida hakiyeyuki mpaka kufika karibu na digrii 1,500. Basi atakayelehemu kitu cha kubeba uzito wa jahazi amefanya mchezo.

Wala kazi ya weko si ngeni katika nchi zetu. Wahunzi wa Upare na wa Ufipa walikuwa wakifua majembe na mikuki muda mrefu kabla ya umeme kujulikana. Mhunzi akitaka kuunga ncha mbili huzitia katika makaa, mivukuto ikavuma, mpaka chuma kiwe cheupe na kuanza kutoa cheche. Hapo hunyunyiza mchanga safi, huzipandanisha ncha zile juu ya fuawe, akapiga kwa haraka kabla hazijapoa. Mchanga ule si dawa ya uganga. Chuma kilichopata moto hushikwa na hewa kikafanya magamba, na magamba yakibaki katikati weko halishiki. Mchanga huyeyuka pamoja na magamba, ukawa majimaji mfano wa kioo kilichoyeyuka, na pigo la nyundo huyarusha nje. Hivyo chuma safi hukutana na chuma safi. Msomaji alishike neno hili, kwa kuwa weko la mhunzi na weko la umeme yote mawili yana sharti hizo hizo tatu: chuma kiwe safi, moto ufike mpaka ndani, na hewa izuiwe isiguse chuma kinachoyeyuka.

Kabla ya hapo meli kubwa zilishonwa kwa ribiti. Mabamba yalipandanishwa, yakatobolewa, na misumari minene yenye moto mwekundu ikapitishwa na kufuliwa vichwa pande zote mbili. Meli ya Liemba iliyoko Ziwa Tanganyika ni mfano wake. Iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ikaungwa upya kwa ribiti. Ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena. Hapa kwetu, ng'ambo ya Mafia, manowari ya Königsberg ilipojificha katika mikono ya mto Rufiji mwaka 1914, vyombo vya mashine yake vilivyoharibika havikuweza kutengenezwa pale. Ilibidi vichukuliwe kwa nguvu za watu nchi kavu hata Dar es Salaam, vikatengenezwe na kurudishwa. Leo fundi mmoja mwenye mashine ndogo na jenereta angeweza kufanya sehemu kubwa ya kazi za namna hiyo pwani penyewe. Ndiyo faida ya weko, na ndiyo hatari yake pia, maana kila mwenye mashine hujiita fundi.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni ya gesi. Mtungi mmoja una oksijeni na wa pili una asetilini, gesi ambayo hupatikana jiwe la kabidi likikutana na maji. Gesi hizo mbili zikichanganyika katika mdomo wa bomba na kuwashwa, hutoa ulimi wa moto wa digrii 3,000 na zaidi. Moto huu ni mzuri kwa mabamba membamba na mabomba madogo, na hukata chuma pia.

Ya pili ni ya umeme, na hiyo ndiyo ionekanayo sana katika karakana zetu. Mashine hutoa umeme wenye nguvu ndogo ya msukumo lakini wingi mkubwa. Waya mmoja hufungwa katika kazi yenyewe, na wa pili hushika kijiti cha chuma kilichovikwa dawa. Kijiti kikigusa chuma na kuinuliwa kidogo, umeme huruka pengo lile kama radi ndogo, na joto la radi hiyo huyeyusha ncha ya kijiti na kingo za chuma kwa wakati mmoja. Ile dawa iliyovikwa kijiti watu huidharau, lakini kazi yake ni ile ile ya mchanga wa mhunzi. Ikiungua hutoa moshi unaofukuza hewa, tena huyeyuka na kuelea juu ya chuma, ikakifunika mpaka kigande. Gamba gumu linalobaki juu ya mshono ndilo liitwalo mavi ya chuma. Lazima lipigwe na kuondolewa kila mara. Twataja kwa heshima jina la Oscar Kjellberg wa Uswidi, aliyebuni kijiti cha kuvikwa dawa mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake vijiti vilikuwa vitupu, na maweko yake yalikuwa mepesi ya kuvunjika.

Fundi mwema hujulikana kabla hajawasha mashine. Mtazame anavyotengeneza kingo. Kama chuma ni chembamba, milimita tatu au nne, ataziacha kingo zikiwa wima na kuacha nafasi ndogo katikati. Lakini kama ni kinene, lazima kingo zichongwe kwa tupa au kwa jiwe la umeme waliitalo grenda, kila upande ulazwe kiasi cha digrii 30, ili vipande vikikutanishwa pafanyike bonde mfano wa herufi V. Chini ya bonde huachwa nafasi ya milimita mbili au tatu. Kijiti huanzia chini kabisa ya bonde, kikalijaza tabaka kwa tabaka, na baada ya kila tabaka mavi ya chuma huondolewa kwa nyundo na brashi ya waya. Nanga ile ya Shungimbili haikuchongwa bonde. Ncha iliyokatwa wima iliegeshwa juu ya kitako, ikazungushiwa mshono mmoja kwa nje. Kwa chuma cha milimita 25 hakuna mashine ya karakana inayoweza kupenya mpaka katikati kwa njia hiyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Viungo vya chuma ni vya namna tano. Cha ncha kwa ncha tumekwisha kukieleza. Kikifanywa vizuri ndicho chenye nguvu kupita vyote, kwa kuwa nguvu hupita moja kwa moja bila kupinda, tena hakina ufa wa kuficha maji.

Cha pili ni cha kupandanisha, bamba moja likilala juu ya mwenzake. Ni chepesi, hakitaki kuchongwa, na kwa hiyo mafundi wavivu hukipenda. Nchi kavu hakina ubaya mkubwa. Baharini kina ubaya huu, ya kuwa maji ya chumvi huingia baina ya mabamba mawili yasitoke tena, wala rangi haifiki huko. Kutu hula kutoka ndani, huku nje pakionekana pazima. Mwenye tangi la mafuta au bamba la chini ya chombo asikubali kiungo cha kupandanisha isipokuwa kingo zote, za ndani na za nje, zimefungwa kwa mshono usiokatika.

Cha tatu ni cha kusimamisha, yaani bamba moja husimama juu ya jingine mfano wa herufi T. Vishikio vya mashine nyuma ya mashua, na vyuma vya kushikia usukani, vingi ni vya namna hii. Mshono hujaa katika pembe kama sakafu inavyokutana na ukuta. Kosa lililo la kawaida ni kuchomelea upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili haufikiki vizuri. Kiungo cha namna hiyo kikisukumwa kutoka upande usio na mshono hufunguka kama mlango katika bawaba. Mashine ya chombo husukuma na kutikisa mchana kutwa, mbele na nyuma. Basi pande zote mbili lazima zishonwe. Viungo viwili vilivyobaki, cha pembeni na cha ukingoni, hutumika kwa masanduku na vitu vyembamba, na hatuna haja ya kuvieleza sana hapa.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wa kazi hii. Chuma kikiyeyuka hupanuka, na kikiganda hunywea, nacho kinyweapo huvuta kila kilicho karibu yake. Mtu akianza kushona bamba refu upande mmoja mpaka mwisho, ataliona likipinda kama jani la mgomba juani. Dawa yake ni ile ya fundi cherehani: kwanza kushikiza. Hutiwa alama ndogo ndogo za weko huku na huku, kisha mshono hugawanywa, kipande hapa, kipande kule, ili kuvutana kusawazike.

Sasa tuje kwenye kasoro, kwa kuwa nyingi zaonekana kwa macho matupu kama mtu ajua atafute nini.

Vitundu. Mshono wenye vitundu mfano wa mkate wa kumimina ulikuwa na hewa au unyevu ndani yake ulipoganda. Sababu ni chuma chenye kutu, rangi, mafuta au maji ya chumvi, au vijiti vilivyolowa. Hapa Mafia jambo la vijiti twaomba litiliwe mkazo. Dawa ya kijiti hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani imejaa maji. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa wazi juu ya benchi haiwi kama ilivyotoka dukani. Viwekwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana. Vijiti vya kawaida vikipata unyevu vyaweza kukaushwa kwa joto dogo, mfano wa joto la maji yachemkayo. Lakini vile vya dawa maalumu kwa vyuma vinene na vigumu, ambavyo sharti yake ni kuwa vikavu kabisa, hutaka tanuri la joto la digrii 300 na zaidi, na jua haliwasaidii wenye navyo.

Mfereji wa ukingoni. Pembeni mwa mshono huonekana mfuo, kana kwamba panya ametafuna chuma. Umeme ulikuwa mwingi mno, au fundi alikimbiza mkono. Chuma kimekuwa chembamba mahali pale pale panapovutwa zaidi, na ufa huanzia hapo. Kiasi cha umeme chaweza kukadiriwa hivi: karibu ampea 40 kwa kila milimita ya unene wa waya wa kijiti, ukipunguza au kuongeza kidogo kwa kutazama kazi. Umbali wa ncha ya kijiti na chuma usizidi unene wa kijiti chenyewe. Vikiwa sawasawa, sauti yake ni ya mfululizo kama samaki wakikaangwa. Ikipasuka pasuka, kuna jambo.

Kutoshika. Huyu ni mdanganyifu. Umeme ni mdogo, chuma cha kijiti huyeyuka na kulala juu ya chuma kilicho baridi, mfano wa nta iliyodondoka mezani. Mshono huonekana umevimba, mviringo, na kingo zake zimejikunja chini badala ya kuingia polepole katika chuma. Ndugu yake ni kutopenya, iliyovunja nanga yetu, ambayo haionekani nje kabisa ila kwa kutazama upande wa nyuma, kama upande huo waonekana. Kwa hiyo twasema: kama kitu ni cha kubeba roho za watu, mwenyewe awepo wakati kingo zinapochongwa, aone bonde kwa macho yake kabla halijajazwa. Baadaye hakuna wa kumwonyesha.

Mavi ya chuma yaliyofukiwa. Fundi asiyeondoa gamba la tabaka la kwanza hulifukia chini ya tabaka la pili. Gamba hilo halina nguvu kuliko kigae.

Nyufa. Hizi ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa kitundu hubaki kitundu, lakini ufa hutembea. Mara nyingi hutokea kwa chuma kigumu, kama nondo za kujengea zilizo ngumu, ambazo watu wa pwani huzipenda kwa kufanyia nanga, au chuma cha kusubu. Chuma cha namna hiyo kikipata moto na kupozwa ghafula huwa kigumu kama kigae karibu na mshono, kikapasuka, pengine siku ya pili yake. Tumeona kwa macho yetu fundi akichovya kazi yenye moto katika ndoo ya maji ya bahari ili mteja aondoke mapema. Asikubaliwe. Kwa chuma kinene na kigumu, pande zote mbili zipashwe moto kwanza, na baada ya kazi zifunikwe majivu au mchanga mkavu zipoe polepole.

Jinsi ufa unavyotembea dunia ilifunzwa kwa hasara kubwa. Meli ya kwanza ya kusafiri baharini iliyoungwa yote kwa weko, bila ribiti, ilikuwa Fullagar, iliyoundwa Birkenhead katika Uingereza mwaka 1920. Wakati wa vita kuu ya pili Wamarekani waliunda meli nyingi mno kwa njia hiyo, kwa haraka. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, mpya kabisa, imefungwa gatini katika maji matulivu kule Portland, ilipasuka kwa kishindo karibu vipande viwili, kutoka sitaha hata karibu na mkuku. Haikupigwa na adui wala na wimbi. Kulikuwa na kasoro katika weko, na chuma chenyewe kilikuwa cha namna inayokuwa kama kioo wakati wa baridi. Tena katika meli ya ribiti ufa ukifika mwisho wa bamba mara nyingi husimama hapo. Katika meli ya weko mabamba yote ni chuma kimoja, ufa hauna pa kusimama. Bahari yetu haina baridi ile. Lakini ufa wetu nao haupumziki, maana wimbi hukunja na kukunjua chuma mchana na usiku, na chumvi huingia ndani ukiwa wazi.

Kuna njia rahisi ya kupima tangi au bomba lililounganishwa, isiyotaka chombo chochote cha gharama. Mshono hupakwa chokaa ya maji upande wa nje, ikaachwa ikauke na kuwa nyeupe. Upande wa ndani hupakwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hupenya tundu dogo mno ambalo maji hayapiti. Baada ya saa moja au zaidi, pakitokea doa jeusi jeusi juu ya chokaa, hapo pana kasoro. Pakatwe na kushonwa upya, wala pasifunikwe kwa kupaka chuma juu yake tu.

Twaongeza maneno machache juu ya hatari, kwa kuwa baadhi yake huwapata wasiohusika. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi. Mtu hasikii kitu wakati ule. Baada ya saa kadhaa, usiku, huhisi kama ametiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haifai kabisa. Fundi avae ngao ya uso yenye kioo chake, na watoto wanaopenda kutazama cheche wafukuzwe. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabati na mabomba ya maji, hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hupata homa na baridi usiku ule. Wengi hunywa maziwa kwanza. Maziwa huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni, hayakutani. Zinki iondolewe kwanza mahali pa kuungia, na kazi ifanywe penye upepo.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni pipa "tupu". Pipa lililokuwa na petroli si tupu, limejaa mvuke, na cheche moja yatosha kulipasua na kumwua aliye karibu. Hivyo hivyo chombo chenye mashine ya petroli: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka katika ngama ukakaa humo bila kuonekana. Kishikio cha mashine kifunguliwe na kupelekwa pwani kwa fundi, asiletwe fundi na mashine yake chomboni. Na tangi lioshwe sana, lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kuungia, na mdomo uwe wazi, kazi ikifanywa na mtu anayejua, asiyejua asiliguse.

Nanga ya mashua ile ilifanywa upya Kilindoni, kwa chuma laini, si nondo. Nahodha mwenyewe alikaa kitako karibu na fundi, akaliona bonde likichongwa pande zote mbili za ncha, akaona tabaka zikiingia moja baada ya moja na mavi ya chuma yakipigwa na kuondolewa. Ikafunikwa mchanga mkavu hata jioni. Ile saruji iliyolowa ilikuwa imeganda mifukoni kama mawe, kila mfuko kilo 50 na zaidi. Basi mifuko kumi ikafungwa katika makombe, na nanga ikaning'inizwa kwa shina lake juu ya mti imara usiku kucha. Asubuhi fundi aliupiga mshono kwa nyundo, akautazama kwa kioo cha kukuza, akakuta hapana ufa. Ikapakwa rangi nyekundu, ikatiwa chomboni. Makombe ya zamani yangali chini ya maji ya Shungimbili.